Upungufu Usiopimwa

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, baada ya Mlandizi na daraja la Mto Ruvu, iko kata ya Vigwaza katika Wilaya ya Bagamoyo. Jina lake limejulikana mbali kuliko ukubwa wake kwa sababu ya jambo moja: pale iko mizani ya magari. Lori litokalo bandarini kwenda Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda au Burundi kwa njia hiyo halipiti Vigwaza bila ya kupimwa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotungwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Tanzania mwaka 2019, imeweka tani 56 kuwa mwisho wa uzito wa gari na shehena yake pamoja. Gari lililozidi huzuiwa, na mwenyewe hutozwa. Hapana mtu mwenye busara anayeweza kuilaumu sheria hiyo. Lami ni mali ya umma, na ziada ya mmoja huvunja njia ya wote.

Lakini mizani hupima kilichozidi tu, haipimi kilichopungua. Gari jipya likiwa limetoka kiwandani bila ya bolti moja katika usukani wake, litapanda juu ya mizani, litaonyesha tarakimu halali, na litaruhusiwa kwenda zake. Upungufu wa gramu 50 hauonekani ndani ya tani 56. Hata hivyo, ziada ya tani moja huila lami kidogo kidogo kwa miaka, na upungufu wa bolti moja waweza kuua watu wengi kwa dakika moja. Hapa pana upotovu wa fikira unaostahili kushitakiwa mbele ya watu wote: ziada imefanywa kosa, na upungufu umefanywa desturi.

Desturi hiyo imekomaa hata imepata adabu zake. Mtu akinunua pikipiki mpya ya biashara, au bajaji mpya, au trela jipya, ushauri wa kwanza apewao na wenzake aghalabu ni kwamba aipeleke kwa fundi wake ikakazwe. Nati zikazwe upya, nyaya zitazamwe, mafuta yapimwe, na kilichosahauliwa kinunuliwe. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na hupokewa kwa shukrani. Hapana aulizaye kwa nini mtu aliyelipa bei ya kitu kamili alipe mara ya pili ili kitu hicho kikamilike. Mnunuzi wa sukari akipunjwa katika kilo huita watu. Mnunuzi wa doti ya kanga akikuta kipande kimoja huirudisha dukani siku ileile. Lakini mnunuzi wa chombo cha mamilioni ya shilingi, ambacho atakipandisha watoto wake, akikuta kimepungua hushika spana. Haki yake ameigeuza kuwa kazi yake.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi upungufu huu unavyozaliwa, kwa maana ugonjwa usiojulikana chanzo chake hutibiwa kwa kubahatisha. Gari ni mkusanyiko wa vipande yapata 30,000, kikihesabiwa kila kimoja hata skrubu ndogo kabisa. Vipande hivyo havitengenezwi katika nyumba moja. Hufika kutoka kwa watengenezaji wengi, na kazi ya kiwanda cha mwisho ni kuviunganisha. Tangu mwaka 1913, Henry Ford alipoweka mstari unaotembea katika kiwanda chake cha Highland Park nchini Marekani, gari ndilo limwendealo mfanyakazi, naye hubaki mahali pake. Kila mtu hupewa kazi chache na muda mfupi wa kuzitimiza. Muda ukipita, gari limekwenda. Bolti ikianguka, kisanduku kikiwa kitupu, mkono ukichoka, gari halingoji. Mfanyakazi ana njia mbili tu: kuusimamisha mstari, au kuliacha gari lipite likiwa pungufu. Na mahali pengi njia ya kwanza ilikatazwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Fremont, katika jimbo la California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda pale, nacho kilikuwa miongoni mwa viwanda vyake vilivyosifika kwa ubaya. Wafanyakazi wa zamani wameeleza kwamba sheria iliyokuwa juu ya sheria zote ilikuwa mstari usisimame. Magari yalipita na vipande visivyo vyake, mengine bila ya vipande, yakarundikwa uwanjani kungoja kutengenezwa upya. Wakubwa waliwalaumu wafanyakazi: walevi, watoro, wakaidi. Kiwanda kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale waliopoteza kazi. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza. Waliporudi, kila mmoja alikuwa na kamba karibu ya mkono wake, na ruhusa ya kuivuta. Aonaye kasoro huvuta. Kiongozi wa kundi huja. Wasipoiondoa kwa wakati, mstari wote husimama. Haukupita muda mrefu magari ya Fremont yakakaribia yale ya Japani kwa uchache wa kasoro. Watu hawakubadilishwa damu wala kabila. Kilichobadilika ni ruhusa.

Asili ya ruhusa hiyo si motokaa bali ni nguo. Kabla ya ukoo wa Toyoda kuunda magari, Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa vitanda vya mfumi, na kitanda chake mashuhuri cha mwaka 1924 kilisimama chenyewe uzi ulipokatika. Alifahamu kwamba uzi uliokatika ukiachwa, kasoro hufumwa ndani ya nguo, na kila mstari unaofuata huizika zaidi. Watu wa pwani ya Bagamoyo hawana haja ya kuvuka bahari ili waifahamu hekima hii. Msusi wa ukili akikosea hufumua papo hapo, kwa kuwa ajua kwamba kosa la asubuhi hulala chini ya kazi ya jioni. Fundi wa jahazi hakishui chombo akisema kwamba kalafati itatiwa kitakapofika Unguja. Angesema hivyo, hapana nahodha ambaye angepanda, na hapana tajiri ambaye angetia shehena. Yastaajabisha, basi, kwamba jambo ambalo lingekuwa wazimu mbele ya jahazi limekuwa biashara ya kawaida mbele ya gari.

Watetezi wa desturi hii wana neno moja wanalolipenda: "itarekebishwa mbele." Gari lipite sasa, kipande kitatiwa mwisho wa mstari, likitoka bila ya kipande, muuzaji atatia, muuzaji akisahau, fundi wa mnunuzi ataona. Kosa hupandishwa gari na kusafirishwa. Wanaoiamini hesabu hii na watazame mambo mawili yaliyotokea katika nchi yenye viwanda vikubwa na wakaguzi wengi.

La kwanza ni la mwaka 2023. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya magari yapatayo 120,000 ya Tesla Model Y, baada ya kupokea malalamiko mawili ya usukani kuchomoka mikononi mwa dereva gari likiwa katika mwendo. Magari hayo mawili yalikabidhiwa kwa wenyewe bila ya bolti inayoufunga usukani katika mhimili wake. Usukani ulishikiliwa na meno yake tu, kwa kubanana, mpaka siku nguvu ya mikono iliposhinda. Jambo la kuzingatiwa ni hili: uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba magari yote mawili yalifanyiwa matengenezo mwisho wa mstari, na katika matengenezo hayo usukani uliondolewa na kurudishwa.

La pili si la gari bali ni la ndege, lakini ni ndugu wa tumbo moja na la kwanza. Tarehe 5 Januari 2024, ndege ya Boeing 737 MAX 9 ya Shirika la Alaska iliruka kutoka Portland ikiwa na watu 177. Ilipofika kiasi cha futi 16,000, kizibo cha mlango usiotumika kilichomoka ubavuni, pakabaki tundu wazi. Kwa rehema ya Mungu hapana aliyekufa. Ndege hiyo ilikuwa mpya, haijatimiza miezi mitatu tangu kukabidhiwa. Wachunguzi walikuta kwamba bolti nne zilizopasa kukizuia kizibo hazikuwako. Kizibo kilikuwa kimefunguliwa kiwandani ili misumari ya ribiti iliyokuwa na kasoro karibu yake itengenezwe, kisha kikarudishwa bila ya bolti zake. Katika viwanda vya ndege kazi ya namna hii ina jina: huitwa kazi iliyosafiri, yaani kazi iliyopaswa kukamilishwa mahali pake ikaachwa ikamaliziwa mahali pengine.

Mambo hayo mawili yanaikata hoja ya "itarekebishwa mbele" katika shina lake. Wenye hoja husema kwamba matengenezo ya mwisho huponya kasoro. Hapa matengenezo ya mwisho ndiyo yaliyoizaa. Kazi ikifanywa mahali pake, ina mwenyewe, ina zana zake, ina kisanduku chenye hesabu ya bolti, na ina mtu wa pili atakayeona kwamba imebaki moja. Kazi ikisafiri, huviacha vyote hivyo nyuma. Hufanywa na mkono wa haraka, mahali pasipo pake, na aghalabu bila ya maandishi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo ndani ya ua wa kiwanda kikubwa, itakuwaje kazi hiyo ikisafiri baharini, ikapita bandari, ikapita mikono ya mawakala, ikamaliziwa chini ya mwembe?

Swali hili si geni katika Afrika Mashariki, wala si la nadharia. Kenya ilianza kuunganisha magari kwa wingi katika miaka ya 1970, katika viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, kilichounganisha malori ya Scania, na Shirika la Nyumbu lililokusudiwa kubuni gari la Kitanzania. TAMCO ilikwisha kuwa kiwanda cha malori, ingawa jina lake limebaki kuwa jina la mahali. Katika miaka ya hivi karibuni Kibaha imepata tena kiwanda cha kuunganisha malori, na serikali imetangaza mara nyingi nia ya kuvutia vingine. Huko Uganda Kampuni ya Kiira imejenga kiwanda chake Jinja. Nchi za eneo hili hazitaki tena kuwa njia ya kupitishia magari ya wengine. Nia hiyo ni njema, na kwa sababu ni njema yapasa kulindwa na adui wake wa ndani.

Adui huyo huonekana wazi katika habari ya gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari, na mwaka 1990 magari ya majaribio yakaonyeshwa kwa shangwe. Hayakufika sokoni. Sababu zake zilikuwa nyingi, na fedha ilikuwa mojawapo kubwa. Lakini habari hiyo ina funzo ambalo halitegemei fedha peke yake. Gari moja la maonyesho hukamilishwa na mikono michache iliyochaguliwa, na kila mmoja hulitazama kama mwanawe. Gari la elfu hukamilishwa na desturi. Taifa lenye gari la kwanza bado halina kiwanda. Lina kiwanda siku ile ambapo gari la elfu limetoka kamili, na hapana aliyepiga makofi.

Zaidi ya hayo, kazi ya kuunganisha katika nchi hizi ina hatari yake maalumu. Vipande hufika vikiwa ndani ya masanduku yaliyofungwa ng'ambo. Sanduku likifunguliwa Kibaha au Mombasa na kikakosekana kipande kimoja, kiwanda cha asili kiko mbali kwa safari ya majuma mengi. Hapo kishawishi huja kwa upole: atumwe kijana Gerezani akanunue kinachofanana. Naye atakipata, kwa kuwa Gerezani hakikosekani kitu. Lakini bolti hazifanani kwa unene na urefu tu. Zile za kipimo cha kimataifa huandikwa kichwani nambari ya nguvu yake. Yenye alama 8.8 na yenye alama 10.9 zaweza kuingia katika tundu moja, zikakazwa na spana moja, na jicho lisione tofauti; lakini ya kwanza itakatika chini ya mvuto ambao ya pili inauhimili. Anayeweka ya kwanza mahali pa ya pili hakuondoa upungufu. Ameuficha, na upungufu uliofichwa ni mbaya kuliko ulio wazi, kwa sababu hata fundi hodari akitazama ataona tundu limejaa.

Zipo hoja ambazo hutolewa dhidi ya ukali huu, na haifai kuzipita bila ya kuzijibu.

Wa kwanza husema kwamba viwanda vya hapa ni vichanga, na mchanga hustahili kuvumiliwa. Ni kweli kwamba mchanga huvumiliwa katika wingi, katika faida na katika umbo. Kiwanda kichanga na kiunganishe malori mawili kwa siku badala ya ishirini. Na kiombe nafuu ya kodi. Na rangi yake isimeremete. Lakini kuvumiliwa katika breki na usukani hakumo katika haki za uchanga, maana gari la kiwanda kichanga hupita barabara ileile, kwa mwendo uleule, mbele ya basi lililojaa. Wala si kweli kwamba desturi njema huja na umri. Samaki mkunje angali mbichi. Kiwanda kilichozoea kupitisha upungufu kwa miaka kumi hakitaacha mwaka wa kumi na moja. Kitakuwa kimekwisha kujenga uwanja wa kurundikia magari yenye kasoro, na kuajiri watu wa kuutunza.

Wa pili husema kwamba mafundi wa mitaani ni hodari, nao wataona na kurekebisha. Uhodari wao haukanwi na mtu yeyote aliyewahi kuharibikiwa na gari kati ya Vigwaza na Chalinze usiku. Mtu mwenye spana tatu na taa ya simu ameokoa safari nyingi zilizokuwa zimekwisha kufa. Lakini kuutumia uhodari huo kuwa sababu ya uzembe wa mwingine ni kuwadhulumu hodari hao wenyewe. Fundi huitwa kutibu gari lililoumia. Hapaswi kulizaa upya gari lililokabidhiwa kuwa zima. Tena yeye hana mchoro wa kiwanda, hana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na hana njia ya kujua kisichoonekana. Ajali ikitokea, jina litakalotajwa litakuwa lake.

Wa tatu husema kwamba ukamilifu ni ghali, na bei itapanda. Huyu amehesabu upande mmoja wa daftari. Bolti iliyosahauliwa, ikigunduliwa mahali pake katika mstari, hugharimu bolti na dakika moja. Ikigunduliwa mwisho wa mstari, hugharimu kufungua kilichokwisha kufungwa. Ikigunduliwa kwa muuzaji, hugharimu safari na hasira. Ikigunduliwa barabarani, hugharimu lori la kuvuta, shehena iliyochelewa, siku za dereva na utingo wake kulala chini ya gari, na pengine roho. Gharama haikuondoka katika hatua hata moja; imekua, na kila ilipokua ilihamia kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuilipa. Huo si uchumi. Ni kodi ambayo mwenye kiwanda amemtoza dereva bila ya sheria.

Wa nne husema kwamba hata wakubwa wa dunia wametoa magari yenye upungufu. Hilo ni kweli, na mfano wake unafundisha. Mwaka 2021, vipande vidogo vya elektroniki vilipoadimika duniani, kampuni kubwa ziliegesha viwanjani maelfu ya magari yasiyokamilika. General Motors iliuza baadhi ya magari bila ya vifaa vya kupasha joto viti, ikapunguza bei, na kwa baadhi yake ikaahidi kuvitia baadaye. Mnunuzi aliambiwa kabla ya kulipa. Upungufu uliotajwa kwa jina, uliopunguziwa bei, na usiogusa uhai wa mtu, ni mapatano. Upungufu ulionyamaziwa ni wizi. Na hata Toyota, mwalimu wa kamba, iliwahi kujikwaa: katika miaka ya 2009 na 2010 ililazimika kuyaita mamilioni ya magari yarekebishwe, na mkuu wake Akio Toyoda alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba kampuni huenda ilikuwa imekua kwa haraka mno. Basi ukamilifu si tabia ya taifa moja. Ni nidhamu ambayo kila anayeiacha humwacha.

Jambo hili lingefahamiwa vema, lingeondoa pia aibu moja ya moyoni. Watanzania wengi huamini gari lililotumiwa Japani kwa miaka kumi kuliko chombo kipya cha mahali pengine. Imani hiyo huchekwa kuwa ni kasumba. Si kasumba, ni hesabu ya watu waliojifunza kwa fedha zao. Wanachonunua ni kazi ya mtu asiyejulikana ambaye, siku moja katika mji wa mbali, aliona bolti haipo akavuta kamba. Wanalipia mvuto ule wa kamba mpaka leo. Gari litakalounganishwa Pwani litapendwa siku litakapokuwa na mtu wa namna hiyo nyuma yake. Hotuba za kuwataka watu wapende vya kwao haziwezi kushika nafasi ya bolti.

Yapasa nini kufanywa? Hapana haja ya kujenga mizani ya pili Vigwaza. Upungufu hauwezi kupimwa njiani, kwa sababu njiani umekwisha kufunikwa. Mahali pa kuupima ni pale unapozaliwa. Kiwanda chochote kinachopewa ardhi, umeme na nafuu ya kodi kwa jina la wananchi kiwekewe sharti hili katika mkataba wake: mfanyakazi aonaye upungufu ana haki ya kuusimamisha mstari, bila ya kukatwa ujira, wala kuhojiwa kwa ukali, wala kuandikwa jina katika daftari la wakaidi. Kazi yoyote inayofunguliwa baada ya kukamilika iandikwe, na mkono ulioifunga usiwe ndio unaoikagua. Kila gari litoke na orodha ya ukamilifu, yenye majina ya waliotia sahihi, nalo likabidhiwe pamoja na orodha hiyo kwa kila anayelipokea. Malalamiko ya magari kuvuliwa vioo, redio na jeki kati ya meli na mnunuzi ni ya siku nyingi, na kila anayeulizwa humtupia mwenzake. Orodha itakayofuatana na gari itaonyesha ni katika mikono ya nani kipande kilipotea.

Kwa upande wa mnunuzi, sheria haikumwacha uchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora ambayo huwamo katika mauziano hata yasipotajwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji. Kilichokosekana ni mazoea ya kuzitumia. Mnunuzi anayekuta upungufu asishike spana kwanza, ashike kalamu. Aandike, adai, arudishe. Mmoja akifanya hivyo ataitwa msumbufu. Mia wakifanya hivyo, mwenye kiwanda atagundua kwamba dakika moja ya kusimamisha mstari ni rahisi kuliko foleni ya wadai.

Mambo haya yanaihusu Vigwaza kuliko inavyodhaniwa. Barabara ya zege inayokwenda Kwala huchepuka pale, na bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeandamana na mipango ya viwanda katika eneo hilo. Mahali palipokuwa pa kupita panageuka kuwa pa kutenda. Yamkini binti wa Vigwaza, ambaye mama yake huuza matunda kando ya barabara kuu, atasimama siku moja katika mstari wa kuunganisha magari, na gari litamjia likiwa na tundu moja tupu. Atakuwa na muda mfupi sana. Kama amepewa ruhusa, atavuta kamba, mstari utasimama, na bolti itatiwa. Kama hakupewa, atanyamaza ili asipoteze mkate wake, na gari litakwenda. Litapakiwa shehena, litapita juu ya mizani bila ya kuzidi hata kilo, na litashika mwendo mbele ya meza ya mama yake.